Wageni Wote Wana Hati, Mimi Sina

Chanji, Jumatano mchana

Editha mwanangu,

Umetoka saa tatu kwenda kusuka na umesema hutarudi kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo nina mchana uliobaki wa kukuandikia, ila sina mahali pa kukaa nikatulia. Barua hii nimeianza jikoni, nikahamia sebuleni, sasa nipo kibarazani nimeilalia karatasi kwa mkono maana upepo huu wa Julai hauna adabu. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni pale nilipoinuka nikarudi.

Mambo ya kupika na kufua sikuandikii. Unayajua, na usiyoyajua mashangazi wa mchumba wako Chanda watakufundisha mpaka uchoke. Nina neno moja, na nalisema hapa juu kabla sijaanza kuzunguka: sijui kama Jumamosi ya harusi yako nitakuwa kanisani Mbala. Sina hati ya kusafiria. Wageni wako ishirini na wanne wote wanazo, nimewahangaikia mimi mwenyewe mmoja mmoja, ila mimi mama yako sina. Baba yako hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa unajiuliza imekuwaje. Hata mimi najiuliza, ingawa jibu ninalo.

Unakumbuka kamati ilivyogawana kazi siku ile hapa nyumbani. Chakula cha send-off wakapewa akina mama wa jumuiya, mapambo wakapewa vijana, halafu mtu akasema usafiri wa wageni kwenda Zambia apewe Mama Editha, yeye anaijua njia ya Mbala. Wakubwa wanaojua kwa nini naijua walitazama chini. Mimi nikasema sawa, leteni. Nikaanza siku hiyohiyo.

Na wewe mwenyewe umeona nilivyowafanya. Kila asubuhi kwenye lile kundi la simu nilikuwa naamka na amri. Picha zipigwe, barua ya mtendaji ichukuliwe, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu aishike mkononi, asiseme imo kwenye begi. Mwenye mtoto aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakuna kubeba kifurushi cha mtu usichokijua kilichomo. Hela zibadilishwe dirishani benki, si kwa yule kijana anayekimbilia gari. Makoti, kwa sababu Mbala ni baridi kama hapa. Mjomba wako Kamilius wa Chala akauliza kama anaweza kuja na majogoo yake mawili. Nikamwambia jogoo naye apige picha. Akanyamaza siku mbili. Nilipowaeleza kwamba wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, kwamba misa ya saa nne kwao ni saa tano kwetu, akarudi kwa kishindo: "Kwa hiyo dada tukivuka tunakuwa vijana kwa saa moja?" Watu wakacheka hadi jioni. Mmoja akaandika, Mama Editha anatupeleka harusini au jeshini? Nikasema jeshini, na asiye na karatasi atashuka Matai, kabla ya mpaka, arudi na basi la jioni.

Nilikuwa nasema kweli. Ningemshusha hata padri.

Kesho utalala Mbala kwa mama yako mdogo Sabina. Yeye ndiye atakayekuvisha. Hamjawahi kukaa wawili peke yenu, na Sabina si mtu wa kuficha, kwa hiyo hadithi hii utaisikia. Ni afadhali uisikie kwangu kwanza, na uisikie ilivyokuwa, bila mimi kujipendelea.

Wewe ulikuwa na miaka miwili, nilikuacha kwa bibi yako mzaa baba. Sabina alikuwa anaolewa Mbala, kanisa lilelile utakaloolewa wewe. Baba yetu alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mkubwa, basi msafara wote ukawa wangu. Tulikodi Isuzu ya mfanyabiashara wa mahindi, tukapanga mabenchi nyuma, watu ishirini. Simu za mkononi hazikuwapo huku kwetu. Ukiondoka, umeondoka.

Wiki tatu kabla, niliwapeleka wageni wenye karatasi pungufu wakatengenezewa. Bibi yako mzaa mama alikuwa amekuja kutoka kijijini tayari, amekaa pale kitandani kwangu anachambua ulezi wa kumpelekea mwanawe. Akaniuliza, "Na mimi twende?" Nikamwambia, "Mama, wewe nani atakuuliza?" Ndivyo nilivyosema, na nilisema nikicheka. Bibi yako alizaliwa kijiji cha kule chini mpakani. Tangu usichana alivuka kwa miguu kwenda kuvuna, kwenda ngomani, kwenda kuzika, na shangazi zake wawili wamezikwa upande wa pili. Kwetu sisi watu wa huku mpaka ule ulikuwa kama uzio wa jirani, unaupita pale palipobonyea. Nikaona kumpanga mzee foleni ni kumsumbua bure. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka, na siku ile nilitaka kwenda kwa fundi kupima gauni langu.

Basi Jumamosi asubuhi tukafika mpakani, tumevaa, tumejipaka, tunaimba. Ofisa wa zamu alikuwa kijana mpole tu. Akapokea karatasi, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Akaniita pembeni. "Mama, huyu bibi karatasi yake iko wapi?" Nikamwambia huyu ni mtu wa hapahapa. Akamsalimia bibi yako kwa Kimambwe, wakaelewana vizuri, wakaulizana hata ukoo. Kisha akanigeukia. "Wa vijijini hapa anayekwenda sokoni kwa miguu namjua, simzuii. Lakini huyu mmemleta kwa gari kutoka mbali, mnakwenda kulala. Siwezi. Mrudisheni, mkatengeneze, mje naye kesho." Hakudai kitu, hakutukana. Alikuwa anafanya kazi yake.

Kesho. Na misa ilikuwa siku ileile, zimebaki saa tatu tu.

Watu wakaanza kushuka, kila mmoja na shauri lake. Mzee mmoja akasema kuna njia ya panya, atamvusha yeye mwenyewe, ni kutembea saa moja na nusu. Bibi yako akatazama goti lake, akacheka kidogo. Dereva akapiga honi. Nami ndiye niliyekuwa natazamwa. Palikuwa na mama mmoja anauza chai, ana benchi la mbao nje. Nikampeleka bibi yako nikamkalisha pale, nikamwambia, "Mama, tukifika nitatuma mtu aje kukushughulikia, muda si mrefu." Nilijua hakuna mtu wa kutuma. Akasema, "Nendeni, msimcheleweshe mtoto." Akanipa kapu lake la unga wa ulezi aliousaga mwenyewe. Nikapokea. Nikachukua kapu nikamwacha mwenye kapu.

Nimeinuka hapa nikaenda kuangalia maharage. Hayajaungua. Naendelea.

Tulifika kanisani watu wameshajaa. Sabina alikuwa mlangoni na shela lake, mwembamba hivi kama wewe. Hakunisalimia. Alitazama nyuma yangu, akatazama wote waliokuwa wanashuka, akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia anakuja na gari la nyuma. Gari la nyuma halikuwapo, Editha. Neno lilinitoka kama mtu anavyosema nzuri akiulizwa habari za asubuhi. Nilitaka aingie ndani akiwa na furaha, ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa na aibu.

Akamwomba padri asubiri. Padri akasubiri. Kila gari lililopita barabarani Sabina alikuwa anainua shela. Nikamwona akifanya hivyo mara nyingi, na mimi nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, kapu mkononi, nisiseme. Mwishowe padri akasema sasa tuanze. Kwenye picha zao za mlangoni yeye peke yake hatazami kamera.

Tulirudi Jumapili jioni. Bibi yako alikuwa palepale. Yule mama wa chai alimlaza kwake usiku na kumpa blanketi. Nilipiga magoti nikaanza kueleza, akanizuia. Akasema, "Nimeona magari mengi. Mengine yalikuwa na maua." Basi. Njia nzima hadi nyumbani aliwauliza wengine gauni lilikuwaje, nani alicheza, chakula kilitosha. Mimi hakuniuliza lolote, na hakuwahi kunilaumu hadi anakufa. Mbala hakufika. Kila mwaka tulisema mwakani.

Sabina alikuja kwenye mazishi. Tulikuwa tunaosha masufuria nyuma ya nyumba, wawili tu, akasema bila kuniangalia: "Ungeniambia kweli pale mlangoni, ningepanda gari lolote na shela langu nikamfuata Mama. Ni saa moja tu. Ningemwonyesha gauni, akanibariki, nikarudi kuolewa. Wewe ulininyima hilo." Kisha akaenda kulala kwa jirani. Tangu hapo tunasalimiana kwenye simu, tunaulizana afya. Kizingiti cha nyumba yake sijakikanyaga.

Kumwacha bibi yako lilikuwa kosa la kutojali, na makosa ya kutojali yako mengi duniani, watu wanasameheana. Lililoharibu ni lile gari la nyuma. Sabina alikuwa na uwezo wa kufanya jambo siku ile na mimi nikamfunga mikono kwa maneno mazuri. Huko uendako utaishi na watu usiowajua vizuri, na siku nyingine utaona kuficha kitu ni upole. Mwambie Chanda kweli mapema. Akasirike kukiwa bado kuna la kufanya.

Sasa la kwangu.

Fomu yangu niliichukua siku moja na fomu za wengine. Niliijaza jina, nikafika kwenye sababu ya safari, nikaiweka chini ya fomu ya mjomba wako. Kesho yake nikaiona, nikaipitiliza. Mara tatu nimewasindikiza watu ofisi ya uhamiaji, nimekaa nao kwenye foleni, nimewasahihishia, na fomu yangu imo kwenye mkoba wangu. Mmoja akaniuliza, yako tayari? Nikasema zamani. Umesikia hilo? Nimelitamka tena, na safari hii hata sikushtuka.

Nilimwogopa Sabina. Nimejiona mara nyingi nikisimama mlangoni kwake mbele ya wakwe zako, naye ananitazama na kuuliza nimekuja na gari gani. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni mbaya zaidi na nitaiandika haraka kabla sijaghairi. Kuna sehemu yangu ilitaka izuiwe. Nilijiambia kwamba nisipokuwapo kanisani, basi wewe hujaondoka sawasawa, umesafiri tu, utarudi. Send-off yako nilicheza hadi kitenge kikafunguka, watu wakasema mama wa bibi harusi ana furaha. Na furaha nilikuwa nayo kweli. Chanda nampenda. Tangu alipokuja kufunga umeme wa jua pale parokiani na kula ugali wetu wa ulezi bila kuulizwa mara mbili, nilimpenda. Vyote viwili vilikuwamo ndani yangu kwa pamoja, na mimi sikujua kwamba inawezekana.

Leo ulipofunga geti nilikaa dakika tano, nikavaa viatu. Binti aliye dirishani pale ofisini ni mdogo kuliko wewe. Akaniamkia, nikaitikia, akafungua karatasi zangu. "Mama, unasafiri lini?" Nikasema Ijumaa. Akainua uso. "Ijumaa hii? Si wewe uliyekuwa unaleta wale wa harusi?" Nikasema ndimi. Hakunisema, ila alinitazama kwa namna ambayo ningependa angenisema. Barua ya mtendaji sikuwa nayo. Nikapanda bodaboda hadi huku, mtendaji yuko kikaoni, nikasubiri nje nimesimama, akatoka saa saba na nusu, akaniandikia juu ya goti lake. Nikarudi. Binti akapokea, akasema atajitahidi, lakini mkubwa wake wa kusaini hayupo hadi kesho mchana, na pengine iwe Ijumaa. "Sikuahidi, mama." Ni haki yake kutoniahidi.

Gari la wageni linaondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi na halitanisubiri. Nitawaambia hivyo jioni hii, pamoja na baba yako. Hati ikitoka Ijumaa mchana, nitapanda gari la Matai, kutoka pale nitachukua pikipiki hadi mpakani, na upande wa pili nitatafuta usafiri kama mtu mwingine yeyote. Nitafika na vumbi. Isipotoka, Jumamosi baba yako atakushika mkono, na padri asisubiri mtu.

Njia ya panya bado ipo. Yule mzee ameshakufa lakini mwanawe namjua, na leo nikiwa nasubiri mtendaji nilishika simu nikalitafuta jina lake. Sikupiga. Sitaki kuwa kwenye picha zako kama mtu anayeangalia kama polisi amekuja. Na wewe nakuomba jambo hilihili: hati yako ikae mahali unapopajua wewe, si kwa Chanda, si kwa wifi zako, hata wakiwa watu wema kiasi gani. Siku ukitaka kuja nyumbani, iwe kwa heri au kwa ugomvi, uje mchana, kwa barabara kubwa, umevuka kwa jina lako. Usiulizwe na mtu kwa nini umekuja. Hapa ni kwenu.

Ni saa kumi na moja na robo. Nimesoma nilichoandika na nimetaka kukichana mara mbili.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi lako, katikati ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika Mbala. Wazazi wengi hufanya hivyo na inapendeza. Lakini ukiisoma kule, utakuwa umeshavuka na mimi nitakuwa huku, na hutaweza kufanya lolote zaidi ya kulia na misuko yako mipya kichwani. Sitaki. Nakupa mkononi leo, ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Huenda utataka kuahirisha safari ya kesho ukanisubiri. Huenda utampigia Sabina mwenyewe. Huenda utaniambia maneno ambayo bibi yako na mama yako mdogo walinihurumia wasiyaseme yote. Nitayasikiliza nikiwa nimekaa.

Nasikia geti. Kaa hapa kibarazani, soma mbele yangu, halafu uniambie kama bado unanitaka harusini.

Mama yako